Benchi la Mchuma Uyoga

Deemay amezeeka vibaya. Sisemi kwa chuki, ni rafiki yangu, lakini mtu akizeeka huku anawadanganya watu msibani lazima apatikane wa kumsahihisha, na aliyebaki ni mimi. Juzi tulipomzika Mama Naman pale Dongobesh, tumekaa chini ya turubai tunangoja chakula, nilimsikia akiwaambia vijana waliokuja na gari la jeneza kutoka Mbulu kwamba yeye ndiye aliyeufundisha mji mzima kutofautisha uyoga wa kula na uyoga wa kuacha. "Nilijitoa," anasema, mkono kifuani. "Nilikula mimi ili wengine wapone." Vijana wakatikisa vichwa, mmoja akainuka kumtafutia soda. Mimi nilikuwa nyuma yake kabisa, sahani mkononi, na kwa heshima ya marehemu nikanyamaza. Nikasema, ngoja nifike nyumbani, nitaandika.

Wanaonijua wanajua kwamba sina haja ya kugombania sifa ndogo. Nina malori. Nina nyumba ya wageni yenye maji ya moto katika kila chumba, hata kile cha pembeni ambacho wengine wangekifanya stoo. Shule niliiacha darasa la nne, na leo wale walioniacha darasani wakija mjini wanalala kwangu na asubuhi wananiita Mkurugenzi. Mambo ya ukoo nitayaruka, maana ukoo wangu ulikuwa watu kama watu wengine, walilima, wakafuga, wakazaa. Mimi mwenyewe, huyu anayejulikana, nilianza mwaka ule nilipoingia jikoni kwa Mama Naman, ndevu ndiyo kwanza zinachungulia, na nguvu ninazo za kuinua gunia la maharage peke yangu na kulirusha begani watu wakiangalia. Nililirusha mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mama Naman alinivumilia kidogo, kisha akasema, "Bura, hilo gunia limeshakujua. Sasa nenda kakate vitunguu."

Jiko lile bado naliona. Lilikuwa kibanda cha mabanzi nyuma ya hoteli yake, bati limekuwa jeusi kwa moshi mpaka linang'aa kama limepakwa mafuta. Mafiga yalikuwa upande wa ukuta, na katikati palikuwa na kigoda cha mama ambacho hakuna mtu mwingine aliyekikalia, hata paka alikuwa anakizunguka. Kulikuwa na dirisha dogo la kupitishia sahani kwenda mbele, na hilo dirisha ndilo lililokuwa shule yangu ya pili. Ukisimama pale unakata vitunguu unasikia Dongobesh yote. Utasikia nani ameuza shamba akasema amekodisha, binti wa nani amekataa posa, kocha wa timu amekunywa nini. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia mpaka ndani, wateja wanakaa na makoti yao, mvuke wa chai unapanda mbele ya nyuso zao, na huwezi kumjua mtu mpaka aongee. Mimi nilimjua kila mtu kwa sauti. Mpaka leo mgeni akigonga mlango wangu nikisikia hodi yake najua kama atalipa vizuri.

Sasa, hoteli ile ilikuwa ya nyama. Supu asubuhi, nyama na ugali mchana. Watu wa juu huku wengi ni Wakristo, na Kwaresima ikifika, siku ya Ijumaa nyama hailiwi, na hoteli nyingine zote zilikuwa zinapika maharage kwa huzuni. Lakini Kwaresima yetu inakuja na masika. Mvua ikinyesha siku kadhaa mfululizo, jua likatoka kidogo, kule chini pembeni mwa msitu vichuguu vinapasuka vinatoa uyoga. Mama Naman alikuwa anaukaanga kwa vitunguu na siagi ya kibuyu, siagi ya kweli yenye harufu ya moshi, halafu anatia maziwa kidogo na kufunika. Nisikilize mimi niliyekula kwenye mahoteli ya Arusha yenye lifti, hakuna mahali nimekuta kitu kama kile. Ijumaa za Kwaresima watu walikuwa wanakuja mpaka kutoka Mbulu. Kuna waliosema wazi kwamba wanasikitika Pasaka ikifika.

Tena mama alikuwa na sheria yake ambayo sijaiona kwingine, na nimetembea mpaka Kahama. Aliyechuma uyoga ndiye anayekula kwanza. Na haulii jikoni, anakula nje barazani, kwenye benchi, watu wote wanamwona, kabla Njia ya Msalaba haijaanza kanisani pale juu ya barabara. Akishakula, anabaki kwenye benchi. Watu wanakwenda kanisani, wanatembea vituo vyote, wanapiga magoti, wanaimba, katekista anaongeza maneno yake, na katekista wetu alikuwa mtu wa kuongeza. Wakitoka, kabla ya kusalimiana, wanaangalia benchi. Wakikuta mchumaji amekaa vizuri, mashavu yana rangi, wanaingia kula. Kwa hiyo mwaka ule Ijumaa nyingi nilikaa pale kama picha, na mabibi waliochelewa ibada walikuwa wanapita wakinijadili mbele yangu kana kwamba mimi ni ndama wa mnadani.

"Yupo?"

"Yupo. Anapiga miayo."

"Miayo ya shibe au ya kuaga?"

"Hebu twende tukasali, tutajua tukirudi."

Mimi nilikuwa naipenda kazi hiyo. Nilikuwa nakaa kifua mbele. Lakini niseme ukweli ambao niliujua baadaye kwa daktari mmoja aliyelala kwenye nyumba yangu ya wageni: kuna uyoga unaokaa kimya tumboni mpaka kesho yake ndipo unaanza kazi, na ukianza hauachi. Benchi peke yake lisingemwokoa mtu. Mama Naman bila daktari alishalijua hilo. "Benchi ni la wateja," aliniambia, "wale kwa amani. Sisi letu ni kuchimba."

Kuchimba kwenyewe alinifundisha asubuhi moja ya baridi, mimi nimebeba kikapu na yeye jembe fupi, nyasi zinatulowesha mpaka magotini. Tulifika kwenye kichuguu kipana kilicholala, siyo kile kirefu, na juu yake uyoga umesimama kama watu wamekuja kwenye mkutano. Nikaushika wa kwanza nikavuta. Akanipiga kikapu mgongoni.

"Unavuta nini? Masikio ya mbuzi?"

"Nachuma, mama."

"Huchumi, unang'oa. Piga magoti hapo. Chimba kwa vidole, fuata mguu wake unakokwenda."

Nikachimba. Mguu wa uyoga ule haukuishia kwenye udongo wa juu. Ulizidi kushuka, ukawa mwembamba, ukawa mweusi kidogo kama mkia wa panya, mkono wangu ukaingia mpaka karibu na kiwiko, na bado unashuka, mpaka nikagusa kitu laini chenye matundu na mchwa wakaanza kuniuma. Mama akacheka mpaka akashika mgongo. "Sasa umefika nyumbani kwake. Huyu ametoka kwa mchwa, na mkia wake ndio unaosema. Ukichimba usikute mkia, rudisha udongo, uende zako. Hata kama una njaa. Hata kama mimi ndiye nimekutuma." Halafu akanionyesha mengine, akiugeuza uyoga mkononi taratibu. Kofia yake ina ncha katikati, ngumu, ya rangi ya udongo, maana ndiyo inayotoboa ardhi, na ikifunguka inachanika pembeni. Chini ya kofia kuna mikunjo iliyopangana kama kurasa, myeupe ukiwa mchanga, ukikomaa inakuwa na wekundu wa mbali kama ukucha. Mguu ukiupasua unachanika nyuzi nyuzi kama nyama ya kuku wa kienyeji. Tulipofika jikoni akakata kofia moja, akailaza kwenye sahani nyeupe, kurasa chini, akaifunika bakuli. Kesho yake akafunua. Kwenye sahani palikuwa na vumbi jepesi limechora kila ukurasa, na rangi yake ni ileile ya ukucha. "Hiyo ndiyo sahihi yake," akasema. Kuanzia siku hiyo nikawa mchumaji, na sikukosea hata siku moja, jambo ambalo Deemay hawezi kusema.

Siagi yetu ilikuwa inatoka kwa Mzee Gidamis. Huyu alikuwa Mbarabaig, mtu wa ng'ombe, aliyehamisha mifugo yake kutoka upande wa Getanuwas akaja kukaa bondeni chini yetu. Mke wake mdogo alikuwa analeta maziwa na siagi kwa punda, na mzee anafuata nyuma na shuka lake na fimbo, anaingia, anakaa pembeni mahali pa kuona mlango, anapewa chai. Kila siku maneno yalikuwa hayohayo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chai yenu ina maji."

"Mzee, chai ni maji."

"Kwangu chai ni maziwa. Maji ni ya kunywesha mifugo." Halafu anaangalia kikapu cha uyoga, anasogeza kiti mbali kidogo. "Nyinyi Wambulu mnakula kitu ambacho fisi anakiruka."

Lakini mwaka ule huyo mke mdogo aliugua akalazwa zahanati, na Mama Naman kila asubuhi alikuwa anampelekea uji wa maziwa bila kumwambia mtu. Mzee alikuja kujua mgonjwa alipopona. Hakusema asante. Alikunywa chai bila kuisema vibaya, na sisi tulioko dirishani tukaelewa kwamba jambo kubwa limetokea.

Ijumaa ya kabla ya Jumapili ya Matawi ilikaribia, na binti wa mama aliyeolewa Mbulu akashikwa na uchungu. Mama akafunga kanga mbili, akasimama mlangoni pa jiko. "Bura, nakuachia. Nikirudi nikaikuta hoteli imesimama na watu wake wazima, jiko ni lako. Mimi nitakaa mbele na wateja kama mwanamke mwenye mali. Nikikuta imeanguka, utarudi kwenu kulima." Akapanda basi. Nikakaa kwenye kigoda chake papo hapo. Nikainuka haraka pia, maana nilihisi kama ameniona.

Ijumaa hiyo niliamka mapema nikachimba, lakini vichuguu vilikuwa vimechoka, nikapata kikapu kisichojaa. Adhuhuri nipo barazani nachambua, watu wameshaanza kukusanyika kungoja ibada, namwona Mzee Gidamis anakuja, na leo ametangulia mbele ya punda. Kwenye punda kuna vibuyu vya siagi upande mmoja na upande wa pili tenga kubwa limefunikwa shuka lake jekundu. Yeye mwenyewe amebaki na kaniki tu kwenye baridi ile. Akafunua. Watu wakasema "Aaah!" kwa pamoja. Ulikuwa uyoga mweupe, mkubwa kama sahani, umejaa mpaka juu.

"Ni wa mama yako," akaniambia. "Alilisha nyumba yangu. Mimi nimeinama mwenyewe kuuchuma. Mimi, Gidamis, nimeinama."

Katekista alikuwepo, joho lipo mkononi. "Hii ni neema," akasema. "Bura, leo tutashiba wote."

Nikauliza kwa adabu zote, "Mzee, umeutoa wapi?"

"Boma langu la zamani. Mahali ng'ombe wangu wamelala miaka na miaka. Hakuna ardhi safi kuliko hiyo hapa duniani."

Na alikuwa anaamini, ndiyo iliyokuwa shida. Kwa mtu wa ng'ombe, mahali ng'ombe walipolala ni mahali penye baraka, na kinachoota juu ya samadi yao kinawezaje kuwa kibaya? Nikachukua mmoja. Kofia haikuwa na ncha, ilikuwa tambarare na juu yake magamba ya kahawia kama ukoko wa ugali umebanduka. Mguuni ulikuwa na pete, na pete yenyewe ilikuwa inapanda na kushuka kama bangili. Chini mguu ulivimba ukaishia hapo, hakuna mkia, umekaa tu juu ya samadi. Nikageuza mdogo, kurasa zake nyeupe. Nikageuza mkubwa, na kurasa zimeanza ukijani, wa kuchafuka, kama maji ya birika la mifugo. Nikakata kofia ya ule mkubwa, nikailaza kwenye sahani nyeupe, nikafunika bakuli, nikaweka kwenye benchi. Nilifanya hivyo zaidi kujipa muda wa kufikiri. Nikimkataa, siagi inaondoka, na bila siagi hoteli ya Mama Naman ni maharage kama nyingine. Nikipika, parokia nzima itaugua mikononi mwangu. Watu wananiangalia.

"Mzee," nikasema, "mkono wako nauheshimu kuliko unavyojua. Lakini huu siupiki."

"Umesema nini?"

"Siupiki, mzee. Unatapisha."

Hata punda aliacha kutafuna. "Samadi ya ng'ombe wangu," akasema polepole, "inatapisha?"

"Siyo samadi, mzee, ni huu uyoga."

"Umeota juu ya nini? Juu ya shati lako?" Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomaliza mambo, maana mzee hakuwa anachekesha. Akamgeukia mke wake. "Usishushe kitu. Geuza punda. Sitakanyaga tena hapa."

Ng'ambo ya barabara ndipo alipokuwa Deemay. Alikuwa amefungua hoteli yake mwaka huohuo, ndogo, ina redio kubwa. Alishatoka nje na taulo begani, mikono ameitandaza kama anapokea mgeni wa serikali. "Karibu mzee wangu! Shikamoo! Kwangu zawadi ya mzee hairudi!" Punda alikataa kugeuka, alizoea mlango wetu, ikabidi watu wawili wamsukume makalio mpaka ng'ambo, na siagi yangu ikavuka barabara mbele ya macho yangu.

Ningeweza kukaa. Niliwaza kukaa. Lakini nilipomwona Deemay anautia uyoga kwenye beseni nikavuka mbio, nikaingia mpaka jikoni kwake, nikamshika mkono. "Deemay, acha. Angalia pete hii. Angalia chini, hauna mzizi. Geuza uone ukijani."

"Bura, mke wako ni kichuguu, mimi siwaingilii. Rudi kwako, nitakutunzia ukoko."

"Ukiwalisha watu huu..."

"Nitakula mimi kwanza! Kwani benchi ni la kwenu tu?" Akapaza sauti wasikie nje. "Leo na mimi nakaa benchi!"

Akapika. Alikuwa anaonja tangu mafuta yanachemka, na alionja kwa kijiko kikubwa. Halafu akatoa benchi lake akaliweka barazani kwake, akaketi na bakuli limejaa, siagi inamwagika, redio inaimba nyuma yake, na Mzee Gidamis amesimama pembeni yake na fimbo kama mlinzi. Mimi nikaketi kwenye benchi langu na kasahani kangu. Tukaangaliana. Kengele ikagonga, Dongobesh yote ikapita katikati yetu kwenda kanisani, shingo zinageuka kulia na kushoto. "Leo wapo wawili," bibi mmoja akasema. "Tutasali kwa ajili ya wote," akajibiwa.

Barabara ikabaki yetu. Tuliwasikia wanaimba kituo baada ya kituo. Mwanzoni Deemay alikuwa ananipungia kijiko. Kisha akaacha kupunga. Akazima redio. Nikamwona anapangusa kipaji cha uso, na ilikuwa baridi ya kuvaa koti. Akainuka, akamwambia mzee kwa heshima, "Nakuja, kuna kitu nyuma." Akarudi. Hakukaa sana, kitu cha nyuma kikamwita tena. Alirudi ameshika ukuta, na safari iliyofuata hakutembea, alikimbia, ameshika suruali mbele na mdomo kwa mkono mwingine, na ndipo tuliposikia sauti ambazo hata wimbo wa kanisani haukuzifunika. Mzee Gidamis alikuwa anageuza kichwa kumfuata kila akienda na kila akirudi. Safari hiyo Deemay hakurudi. Mzee akaniangalia mimi ng'ambo, muda mrefu. Sikucheka. Nilikuwa nataka kucheka, lakini nilimwona uso.

Ibada ikaisha. Watu wakatoka, wakaangalia benchi langu, nipo. Wakaangalia benchi la Deemay, kuna bakuli tupu. Mtu akaenda nyuma akarudi anapiga kelele, "Deemay anakufa chooni!" Na kama kawaida ya watu wengi wakiwa pamoja, aliyesema neno baya hakujulikana ni nani, lakini lilisemwa: huyu mtu wa ng'ombe amemlisha sumu. Amekuja na sumu kutoka kwao. Duara likaanza kumzunguka mzee. Alikuwa peke yake, mke wake nyuma ameshika kamba ya punda, na mzee akaihamishia fimbo mkono wa kulia. Nikaona kwamba sasa hapa siyo uyoga tena.

Nikachukua sahani yangu yenye bakuli, nikavuka barabara mara ya pili, nikapita katikati ya duara nikisukuma watu kwa mabega haya. "Katekista, funua." Akafunua, akaondoa kofia. Kwenye sahani nyeupe palikuwa na vumbi la kijani, kila ukurasa umejichora. "Hii ndiyo rangi yake mwenyewe," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kanisani. "Hakuna mtu aliyeitia. Wa kwetu unatoa rangi ya ukucha, nendeni jikoni mkatazame. Mzee alileta zawadi kwa moyo wake wote, hajui uyoga, hajawahi kula hata mmoja. Deemay nilimwambia, akanijibu kwa matusi. Kama kuna wa kupigwa apigwe yeye, akipata nafuu."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Mzee Gidamis akasogea, akapitisha kidole kwenye vumbi, akakitazama karibu. "Kama kinyesi cha ndama mgonjwa," akasema. Hicho kitu alikijua. Akawapita watu, akaenda nyuma mpaka mlango wa choo, akagonga kwa fimbo. "Kijana. Toka. Utapanda punda wangu twende zahanati."

"Niache nife, mzee."

"Utakufa zahanati. Hapa pananuka."

Wakamtoa, wakampandisha. Punda yule mkaidi alikwenda bila kusukumwa, Deemay amemkumbatia shingo, macho yamefungwa, mzee mbele ameshika kamba, mke nyuma, na watu wote waliotoka kanisani wamesimama pande mbili za barabara. Yule bibi wa miayo akasema, "Kumbe Matawi mwaka huu imewahi." Katekista akamkemea huku amegeukia ukutani, mabega yanamtikisika. Halafu wakaingia kwangu, wakala kile kikapu kisichojaa, kila mmoja kijiko kidogo, na hakuna aliyelalamika.

Deemay alitundikiwa maji, akatapika mpaka akaisha, na Jumapili alikuwa na nguvu ya kukaa kitandani na kuomba uji. Lakini Jumamosi punda hakuja. Jumapili punda hakuja. Vibuyu vya siagi vilikuwa bado kwa Deemay, na sikwenda kuvichukua. Mama Naman akashuka kwenye basi Jumapili alasiri, ameshapata mjukuu, na kabla hajagusa ardhi watu walikuwa wameshamsimulia kwa sauti kumi tofauti. Hakujibu mtu. Akaingia jikoni, akafunua sufuria moja moja, akaona hakuna siagi, akakaa kwenye kigoda chake. Mimi nilianza kueleza tangu mwanzo, na nilikuwa nimeipanga vizuri, akaninyamazisha kwa mkono.

"Deemay ulimwambia?"

"Nilimwambia, mama."

"Ulimwambia ukiwa umekaa hapa kwetu, au ulivuka?"

"Nilivuka. Nilimshika na mkono."

"Na walipomzunguka mzee?"

"Nilivuka tena."

Akavua viatu, akasugua miguu iliyovimba kwa safari. "Siagi imekwenda," akasema.

"Imekwenda, mama."

"Basi kesho utapika bila siagi. Mimi kesho nitalala." Na akainuka, akakiacha kigoda pale palipo, akaenda zake. Tangu nimjue sijawahi kumwona analala jua likichomoza.

Jumatatu niliwasha moto peke yangu. Ukungu ulikuwa mzito, nimeweka maji, nakata vitunguu dirishani, nikasikia kwato nje. Nikatoka. Alikuwa mke mdogo na punda, vibuyu vimefungwa upya, na nyuma yake Mzee Gidamis, amesimama mbali na baraza, hajakanyaga. Uso ulikuwa umekaza kama mtu aliyekuja kudai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akatazama ndani kupita bega langu. "Mwenye jiko yuko wapi?"

"Ni mimi, mzee."

Akanipima kutoka juu mpaka chini, na hakufanya haraka. Kisha akamwashiria mke wake kwa kidevu afungue kamba, akachukua kibuyu mwenyewe, akapanda baraza, akanipa. Nikakipokea kwa mikono miwili.